Uvimbe wa Goti na Sombe Yako

Wifi yangu Mama Furaha, jambo huko Juru!

Hapa hospitali ya Mbarara baridi ni mingi, lakini uvimbe wa goti unapungua. Munganga alinichorea vitu vidogo sana vya mwilini, mitokondria, vinavyotupa nguvu. Vikiumia vinavuja, na mwili unadhani mikrobe ya ugonjwa imeingia, basi unavimba na kuwaka moto. "Mama, mwili wako umedhani cha nyumbani ni adui," akasema.

Nililia, wifi. Mimi ndiye niliyesema mbele ya kanisa zima kwamba uliniwekea sumu kwenye sombe yako ya majani ya muhogo. Tangu siku ile, kila ukinipakulia, unaonja kwanza nikikuangalia.

Nikirudi, unipikie sombe tena. Usiionje. Nitakula mimi wa kwanza.

Dada ya bwana yako,
Mama Neema