Baiskeli ya Hapa Hapa

Jumatano, 2 Julai
Aaliya bado anafunika mdomo akicheka. Meno mawili ya mbele, yale ya ukubwani, hayatarudi. Miaka minane tu! Uma wa mbele wa baiskeli ulikatika kama muwa, pale penye kimteremko cha kwenda msikitini. Leo nimeutazama tena. Chuma chembamba, ndani wazi kama mrija. Kimetoka ng'ambo, kikapakwa rangi nzuri, basi.

Na aliyeinunua ni babake. Aliitoa Mombasa, akaipandisha kwenye lori, akashuka nayo hapa mlangoni anacheka kuliko mtoto. Sasa yuko Nairobi, kapeleka chumvi. Kwa simu nilimwambia Aaliya ameanguka akikimbia. Mama mkwe alinifunza wiki ya kwanza ya ndoa, bwana dereva hapewi habari mbaya akiwa njiani. Nami najua Farjallah akiumia moyo anavyoendesha. Nimenyamaza. Baiskeli nimeificha nyuma ya choo, chini ya makuti. Mtoto anasema hataki baiskeli tena maishani. Lakini nimemwona anainua makuti, anachungulia.

Nitampatia nyingine kabla babake hajarudi. Ila si ya ng'ambo. Kamwe.

Alhamisi, 3 Julai
Malindi, kutwa nzima. Duka la kwanza walinicheka. Mama, baiskeli ya mtoto iliyotengenezwa Kenya? Duka la pili la kijana mmoja, Sufyan. Mpole. Mpole kupita kiasi. Kaniita dada, kanivutia kiti. Hii ni ya kwetu, dada, ona bendera. Kweli, kuna stika ya bendera kwenye fremu. Lakini mbona stika mpya na fremu ina vumbi? Alipogeuka kujibu simu nikaikwangua kwa ukucha. Chini kuna maandishi kama vijumba vijumba. Shule niliacha darasa la tano, lakini hayo si Kiswahili! Nikamwonyesha. Akasema ni mapambo.

Nimerudi mikono mitupu, miguu imevimba.

Jumamosi, 5 Julai
Nelly, jirani yangu, kanielekeza kwa Randu. Huchomelea mageti na mikokoteni, hapa hapa Gongoni, nyuma ya kinu cha unga. Jitu kubwa, maneno machache. Nikamuuliza, baiskeli ya mtoto umewahi kutengeneza? Akasema hapana. Basi angalau huyu hadanganyi. Au ni mwongo wa namna nyingine?

Fremu na uma atatengeneza mwenyewe. Tairi na mnyororo atatoa kwenye baiskeli kuukuu. Nikauliza huo mnyororo umetoka nchi gani.
“Mama Aaliya, mnyororo siwezi kuuzaa.”
Waliokuwa pale wakacheka. Nimekubali. Mnyororo ukikatika mtoto anasimama. Uma ukikatika –

Jumatatu, 7 Julai
Nilienda kwa Randu kuona paipu. Amezitoa wapi? Kanunua, anasema. Kwa nani? Kwa watu. Hapa Gongoni vyuma vikuukuu vingi vinatoka mashamba ya chumvi, na chuma cha huko kinaliwa kwa ndani. Nje kizima, ndani unga. Nikainua moja, nikailamba. Kutu tu. Nikalamba ya pili. Chumvi! Nikamwambia hii mwanangu haipandi.

Akanitazama. Akauliza aniletee chai ya kuteremshia? Lakini paipu aliitupa kando, hakubisha.

Na nisingelamba? Kesho nakaa pale pale. Nataka kuona kila kipande kinavyoingia.

Jumanne, 8 Julai
Nimekaa kutoka adhuhuri hadi alasiri, juu ya debe, na buibui langu. Kanipa kioo cheusi nitazame moto usiniharibu macho. Hapendi kuangaliwa. Mimi sipendi kufumba jicho. Wapita njia wawili wakasimama kumsalimia, macho kwangu. Mmoja akamwambia leo umewekewa askari. Randu akajibu askari hulala, huyu halali.

Fremu imesimama. Nimeivuta, nimeisukuma. Bado sina imani.

Alhamisi, 10 Julai
Kwenye bomba la maji Nelly kanivuta kando. Watu wanasema. Mke wa Farjallah anashinda kwa Randu, na bwana hayupo. Kanishika mkono kwa huruma. Lakini alijua mpaka rangi ya mtandio niliovaa Jumanne! Kaambiwa na nani, kama si yeye anayewaambia?

Ningeenda na Aaliya, yuko shule. Ningebaki nyumbani, leo ndiyo siku ya uma. Midomo ya watu haimng'oi mtu meno. Nimeenda. Nimekaa mpaka uma ukapoa, nikaushika kwa mkono wangu.

Jumapili, 13 Julai
Baiskeli iko ndani! Nyeusi, nzito, sura haina. Randu mwenyewe na mwili wake ule aliipanda mbele yangu, akarukaruka juu yake. Uma haukutikisika. Aaliya akaigusa kwa kidole. Akauliza, hii haivunjiki? Nikamwambia hii nimeijua tangu ikiwa paipu. Akacheka. Mkono haukwenda mdomoni.

Baada ya magharibi, simu. Farjallah. Nyuma lori linanguruma. Salamu, watoto wa jirani, mvua. Halafu akasema amekutana na Njenga, dereva mwenzake, Mtito Andei. Njenga alipita Gongoni juzi.
“Huyu Randu ni nani kwako?”
Sauti ndogo. Ile ya mtu aliyekaba usukani. Nikauliza uko wapi. Kapita Voi, anakuja. Siku zote hizi nimemficha meno ya mtoto asije akaendesha na mawazo, na sasa yuko barabarani na haya!
“Simama kwanza, baba Aaliya. Weka gari kando, ndiyo nikuambie.”
Maneno yaliponitoka nikasikia yanavyosikika.
“Kwani ni jambo la kusimamishia gari?”
Nikasema simama, nakuomba. Lori tu. Halafu akasema anatafuta pa kusimama, atapiga. Akakata.

Ni kitambo sasa. Nimepiga mimi, haishiki. Barabara ile saa hizi ni malori matupu, kila dereva anataka kumpita mwenzake. Baiskeli iliyovunjika nimeshaitoa chini ya makuti, iko mlangoni, aione akiingia. Akiingia.

Aaliya anaendesha humu humu ndani, anazunguka meza, kengele inalia hailali. Nimemwambia aishike kengele isilie. Nataka kusikia simu.