Aliyelala Chini ya Shuka

Jumatatu, 3 Agosti 1953. Milima ya Matumbi
Nimefuta lenzi, nimepanga mikanda, nimekunywa chai ya rangi peke yangu. Bwana anayetuongoza kaamka anatetemeka kwa homa. Gari limempeleka hospitali, Lindi. Kaacha neno kwamba filamu nimalizie mimi.
Miaka yote nashika kamera. Leo naongoza! Sina wa kumwambia.

Jumatano, 5 Agosti
Filamu ni ya maji. Mzee anakunywa maji ya bwawa bila kuchemsha, anaugua, anazikwa. Mzee Mbonde wa hapa kijijini, anayeigiza, kayanywa vizuri sana. Lakini nikiwaambia watu tembea, simama, wananiogopa. Wanakula pamoja. Mimi naletewa sahani yangu pembeni.
Nimemkumbuka mama, yuko Rasbura, kule Lindi. Hajatazama hata picha yangu moja. Nikimwita husema, "Nije kutazama nini, na wewe humo, huonekani?" Inaniuma.

Alhamisi, 6 Agosti
Limebaki onyesho la maziko tu. Msikiti umetunyima jeneza, tumepata kitanda cha kamba. Mzee Mbonde hataki kukilalia. "Mwanangu, maji nimekunywa. Kufunikwa shuka nikiwa mzima, hapana." Nimezunguka kijiji kizima. Hakuna anayekubali.
Nisipomaliza, sitapewa tena filamu ya kuongoza. Najua.

Jumapili, 9 Agosti
Nimekilalia mwenyewe kitanda cha kamba. Nilitega kamera, dereva akabonyeza. Chini ya shuka nilisikia wanawake wakilia. Sikuwa nimewaambia walie kweli.
Nilipoinuka walirudi nyuma wote. Walionibeba walikwenda kunawa. Jioni sahani haikuja.

Jumamosi, 6 Februari 1954. Lindi
Mikanda imerudi kutoka Ulaya, imesafishwa. Tunaonyesha leo uwanjani. Nilimwambia mama, safari hii nimo. Ulimi haukuwa na breki. Katoa kanga mpya sandukuni. Sikumwambia nimo vipi. Uso umefunikwa, nikajipa moyo: nitamwonyesha mbebaji mmoja, nitasema ndiye mimi.

Usiku huohuo
Kwenye picha, upepo ulifunua shuka. Sikuwa nimeliona hilo kabla. Mguu wa kushoto, mkubwa kama nyumba, hauna kidole kidogo. Jembe lilikikata nikiwa mtoto, na mama ndiye aliyenifunga kidonda.
Akasimama katikati ya watu. Akaniita jina langu la utotoni. Mara tatu. Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Mimi nilikuwa nyuma, nimeshika mashine ya sinema, siwezi kuiacha. Nilipofika alipokuwa, ameshaondoka.
Mimi ni mjinga.

Jumapili, 7 Februari
Mama kapika uji. Hakunisalimu. Kaleta beseni la maji ya vuguvugu, kaniosha mguu wa kushoto, kaukausha kwa kanga ile mpya. Polepole, kidole kwa kidole.
Kisha kauliza nitapiga picha nyingine lini. Nikasema labda baada ya mvua.
Kasema atakuja kutazama. Ila nisiwemo.