Watoto wa Chaza Wamerudi Nyumbani

Shangazi, shikamoo!

Mvua imenifungia huku bara, mtaani Kamwokya, kwa mama anayeuza rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai. Nimefungua kompyuta nikijaribu kujua watoto wa chaza wetu huenda wapi. Kwenye kioo ni nukta tu zinazobebwa na maji ya kuigiza, na kila mara zinatorokea baharini. Huyu mama, bahari hajawahi kuiona, akachungulia: "Hii watoto yako haijui kuzama?"

Wallahi nilisahau! Nikaziamuru maji yakipwa zizame, yakijaa zielee. Zikajazana kwenye kona ya mikoko unapomwaga makombe ya chaza ili watoto wapate pa kushika, palepale niliposema mwamba wa chaza hauwezi kurudi!

Keshokutwa vibarua wakija kuyahamisha makombe, wafukuze. Waambie aliyewatuma amekosea, na ni mimi. Mungu akuweke, nije nikuombe radhi.