Jiwe la Juu ya Chemchemi

Jumamosi, 12 Novemba 1994. Asubuhi ukungu ulishuka hadi kwenye migomba, kisha manyunyu. Saa nne jua likatoka.

Mwanangu Perpetua,

Huko chuoni Mtwara najua hamna ukungu, ndiyo maana nimeanza nao. Barua hii siifungi leo. Wadogo zako hapa Matombo wataisoma kwanza, kwa kuwa habari yake ni ya ukoo mzima.

Jana nilipasua yai lililochemka kupita kiasi, nikakuta kiini kimezungukwa na rangi ya kijani. Nikakukumbuka ukiwa kidato cha pili, umekuja likizo, unanionyesha yai kama hilo. "Mama, halijaoza. Chuma cha kiini kimekutana na salfa ya ute. Hii ni salfidi." Tangu siku ile ukawa unaziona salfidi nyumba nzima. Kitunguu swaumu hakinuki mpaka kisu kikiguse. Ukasema ni ndugu zao. Kile kiwanda cha ngozi mjini tulichokuwa tukikipita tumeziba pua, ukasema hutumia salfidi kutoa manyoya kwenye ngozi. Bangili ya fedha ya Bibi ilikuwa imeingia weusi. Ukasema nayo ni salfidi, ukaitumbukiza kwenye sufuria ya aluminiamu yenye maji ya moto na magadi, ikatoka inameta. Jumapili Bibi alikaa kanisani mkono juu ya paja, kila mtu aione. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikiwa nimeikariri kemia. Sikuwahi kuiona jikoni kwangu.

Kisha likaja jiwe.

Mwaka ule ulikuwa kidato cha tatu. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, na wanunuzi wa mawe walipanda milima yetu kwa pikapu wakitokea Mkuyuni. Mjomba wako Alfonsi aliokota jiwe la manjano linalong'aa katika shamba letu la juu ya chemchemi. Mnunuzi mmoja aliliona, akaomba achimbe shamba lote. Wadogo zako wanajua kwetu mambo yalivyo: shamba ni la ukoo wa mama, neno lake hutoka kinywani mwa mjomba, na wanawake wasipoitikia neno hilo haliendi popote. Kaka yangu alikuwa na hakika mno. Kabla hajatuita kikao, alikwenda makaburini kumwagia wazee pombe na kuwaambia dhahabu imepatikana.

Asubuhi ya kikao uliomba kipande cha jiwe. Ulikisugua chini ya kikombe cha kauri, pale pasipong'arishwa, kikaacha mstari mweusi. Dhahabu ingeacha wa manjano, ukasema. Nikakuambia, "Nenda ukawaambie." Ukatikisa kichwa. "Nikisema mimi, mama, watabishana na mimi. Acha wabishane na jiwe."

Ukabeba jiko la mkaa hadi uani, mbele ya watu wote, mnunuzi akiwemo, ukapiga goti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kutupikia dhahabu?"

Watu wakacheka. Hukucheka wala hukununa. "Nimekuja kuomba msaada wako, mjomba. Nina mafua, sinusi vizuri." Ukamwekea unga wa jiwe juu ya bati, na bati juu ya moto. Kaka yangu akainama, akakohoa, akainama tena.

"Kiberiti," akasema. "Hii ni njiti ya kiberiti iliyowashwa."

Ukampa nyundo na kipande kilichobaki. "Dhahabu ikigongwa hutandazika, mjomba." Akagonga mara moja. Kikasagika.

Bibi akasema taratibu, "Alfonsi, na wazee umekwisha kuwaambia."

"Nitarudi niwaambie nimewanywesha kwa habari ya kiberiti."

Hapo walicheka hadi mnunuzi. Lakini hakuondoka. Alisema jiwe la namna hiyo mara nyingi hulala karibu na dhahabu, na tukimwachia achimbe tutajua. Nikaona macho ya watu yanarudi kung'aa, na ya kaka yangu pia. Niliogopa kuliko mwanzo, maana maji ya kunywa ya nyumba zote zile yanatoka chini ya shamba hilo.

Kaka yangu akakugeukia wewe. "Anasema kweli, binti?"

Ungeweza kukataa tu, na wengi tungekuamini. Ukasema, "Inawezekana, mjomba. Dhahabu sijui. Ninachojua ni maji." Ukamwuliza kuhusu kijito cha ng'ambo ya bonde, walikochimba watu wengine wakafikia jiwe kama hili. Akajibu mwenyewe: maji yamekuwa mekundu, yana ukakasi, kaa hawapo tena. Ukatueleza kwamba jiwe hilo ni chuma na salfa vilivyoshikana. Likiwa ardhini limelala. Likifunuliwa kwenye hewa na maji, vijidudu visivyoonekana hulila, na vinachotoa ni tindikali. "Vinakula jiwe na kukojoa siki," ukasema, na sauti yako ilitetemeka kidogo. Nadhani ni mimi tu niliyesikia.

Kaka yangu akatuuliza wanawake kama tunaitikia achimbe. Hakuna aliyefungua mdomo. Mnunuzi aliaga vizuri, akashuka na pikapu yake.

Mwanangu, tangu wakati ule nimekusifu kwa majirani, wewe sijakuambia. Kujua jiwe umefundishwa shuleni. Kumpa mjomba wako jiwe aliseme yeye, na kusema "sijui" mbele ya watu waliotaka kusikia "ndiyo" au "hapana", hilo hukufundishwa na mwalimu. Najivunia wewe, na nimeliandika hapa lisomwe.

Sasa habari yenyewe. Leo mchana mjomba wako alituita wote juu ya chemchemi, akapima hatua kwa miguu yake, akapanda miche ya mpaka. Amesema sehemu hiyo ya shamba la ukoo ni yako, na wanawake wote tumeitikia. Bibi ameanza kuuliza ipandwe vitunguu swaumu au iliki. Nimemwambia amsubiri mwenye shamba.

Soma kwa amani, mwanangu.

Mama yako.

Saa tatu na nusu usiku, nazima taa nilale.