Kiini Chini ya Kiti cha Mkuu

Malaba, 9 Juni 1974

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu ni kwenu huko Sio Port. Mguu wako vipi? Mwanao Okello alipita hapa na lori lake akielekea Kampala, anakusalimu sana.

Mama, nina habari hata kukaa siwezi! Mwalimu mkuu, Bwana Paulinus, anataka kufuta bayolojia. Anasema shule ya harambee isiyo na maabara inajidanganya. Nilimsihi, akakubali kidato cha pili wafanye mtihani na yeye asahihishe. Wakifaulu, somo linabaki. Wakianguka, linakwenda, na mimi pia.

Basi nimebuni mchezo wa kurudia somo la seli, vile vijumba vidogo vinavyojenga mwili wa kila kiumbe. Kila sehemu ya seli nimeiandikia fumbo na kuificha shuleni. Kiini, kinachotoa amri zote, kiko chini ya kiti cha mkuu. Mwenyewe hajui! Kesho watoto watakimbia kutafuta. Niombee.

Mkwe wako,
Atyang

Sio Port, 14 Juni 1974

Nyar Teso, binti yangu wa Kiteso,

Salamu zimefika. Mguu unaniuma siku za mvua tu. Omena, dagaa wa ziwa letu, ni nyingi, mikono ya kuanika ndiyo haba.

Barua yako imenichekesha, halafu ikanitia wasiwasi. Sisi tulitafuta kuku waliopotea na hatukuita hayo masomo. Tena chini ya kiti cha mkuu! Ukila na kipofu usimshike mkono, mama. Somo likifutwa usilie, rudi nyumbani tuanike pamoja. Majirani wananiuliza mke wa mtu anakaaje peke yake Malaba, penye madereva wote hao, nami nageuza maneno.

Mama Okello

Malaba, 19 Juni 1974

Mama,

Hamjambo? Mimi mzima. Nimeharibu.

Mchezo ulianza vizuri ajabu. Mwanafunzi wangu Benedetta aliingia ofisini akasema, "Samahani sir, umekalia kiini." Mkuu akasimama mwenyewe!

Kisha likaja fumbo la utando, ngozi nyembamba inayozunguka seli: "Niko mlangoni. Wengine nawapitisha, wengine nawarudisha." Mimi nilikuwa nimeliweka kwenye wavu wa mlango wa jikoni. Emukule na wenzake wakatoka mbio nje ya geti, wakapenya kati ya malori hadi kwenye kizuizi cha mpakani, wakaanza kupekua kibanda cha askari. "Tunatafuta utando!" Afande akadhani ni lugha ya magendo. Akawakalisha chini mpaka mkuu alipokwenda kuwatoa.

Tangu arudi anafunga mlango wa ofisi kila nikipita. Mtihani ni Ijumaa. Naogopa, Mama.

Mkwe wako,
Atyang

Sio Port, 5 Julai 1974

Atyang,

Hujambo? Naandika tu, maana huniandikii. Ijumaa imepita, na nyingine, na matokeo sijayasikia.

Niliwasimulia wenzangu tukianika. Wakacheka hadi omena zikamwagika. Halafu mmoja wao, Selpher, akauliza, huo utando unapitisha nini na unarudisha nini? Nikajifanya nahesabu omena, na swali bado linanikera. Unapitisha nini? Niandikie. Kama umefukuzwa, niandikie pia.

Mama Okello

Malaba, 10 Julai 1974

Mama, Mama!

Nisamehe, salamu baadaye. Wamefaulu! Mkuu alikaa na karatasi hizo mpaka nikakonda. Jana akaniita, akanisomea jibu la Emukule: "Utando ni kama kizuizi cha Malaba. Maji yanapita bila kuulizwa. Vingine vinasimamishwa kwanza. Sisi tulisimamishwa." Alicheka mpaka akavua miwani. Bayolojia inabaki! Ila anasema safari nyingine geti lifungwe, na yeye aambiwe mapema amekalia nini.

Mwambie Selpher: utando unaingiza maji na chakula, unatoa uchafu. Seli bila utando ni uji uliomwagika.

Mkwe wako,
Atyang

Sio Port, 17 Julai 1974

Mwalimu Atyang,

Hujambo mwanangu? Sisi wazima, na mimi sauti imekauka kwa vigelegele. Selpher nimempa jibu lake mbele ya watu wote. Anayeuliza mkwe wangu anafanya nini Malaba, sasa namwambia, na asipoelewa namrudia tangu mwanzo.

Kusema kweli nilikuwa nimeshakuandalia chumba, kimefagiliwa, na mkeka mpya. Leo chumba hicho nimempa kuku anayeatamia. Wewe fundisha. Shule zikifungwa uje na fumbo langu, nami nitafute, lakini usilifiche mbali.

Mama yako