Naonja Kwanza

Mjukuu wangu Kemunto,

Daktari wa Nyamira alituambia juzi kwamba ugonjwa wa akili wa babu yako hautapona. Dawa zitamtuliza tu. Sisi wengine tu wazima, na majani chai tunachuma.

Uliniuliza kwa nini naonja chakula chake. Alipougua mara ya kwanza, mama mkwe alinijia jikoni na majirani. "Wewe mwanamke, umemlisha nini mwanangu? Kula kwanza!" Nikala ule ugali, nikidhani najisafisha. Kumbe babu yako alikuwa anatazama. Tangu hapo hagusi kitu kabla yangu.

Mama mkwe alishakufa. Siku hizi hata kidonge hamezi mpaka nimeze kimoja, na mikono yangu imeanza kutetemeka. Daktari hajui. Nikiacha, naye ataacha.

Jumanne tunarudi kliniki.

Nyanya yako