Na Mbuzi, Mwalimu

Hafidha uko wapi?? Soma hii kabla sijafa kwa aibu.

Zile saa za kuhesabu hatua tulizogawiwa shuleni, unazikumbuka? Jana mwenzio nimewaongoza walimu wote. Hatua elfu kumi na tisa! Na sikutoka hata uani.

Nilikuwa nakuna nazi za harusi ya binti wa mama mdogo. Nazi arobaini, shoga. Nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia tangu asubuhi, na kila mkono ukienda, saa inahesabu hatua. Nikaiacha ihesabu.

Leo kikaoni Mwalimu Mkuu Vedasto kanisimamisha mbele ya wote. "Mwalimu Ashatu, hatua zote hizi umetembea na nani?"

Nikababaika. Nikasema, "Na mbuzi, Mwalimu."

NA MBUZI. Ndivyo nilivyosema.

Mwalimu mwenzangu Kibwana akaangusha kalamu, akainama chini ya meza kuitafuta, hakurudi tena.

Mkuu naye, si unajua mtu wa bara, uso ukamng'aa. "Mnaona? Mwenzenu anachunga!" Wakanipigia makofi. Makofi, Hafidha!

Halafu akaniuliza huyo mbuzi namlisha nini. Nikamjibu nazi. Yaani nimeulizwa, nikajibu nazi!

Sasa Jumamosi anakuja nyumbani kumwona mbuzi anayekula nazi. Anataka mbegu yake.

Shangazi yako wa Fukayosi si anafuga? Mwambie aniazime mmoja. Nataka yule anayelia, si ile ya kukalia.

Na aanze kumzoesha nazi leo hii.